Anayeomba Ripoti ni Nani?

Katika ofisi nyingi zilizoanza kutumia kompyuta kwa upana katika muongo wa kwanza wa karne hii, ipo mashine moja isiyozungumzwa sana, ambayo hata hivyo kila mwisho wa mwezi hutazamiwa na wote, kuanzia karani wa hesabu hadi mkurugenzi, nayo ni seva ya ripoti. Seva ni kompyuta, au programu iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo hukaa macho wakati wote ikingoja maombi ya kompyuta nyingine na kuyajibu; na seva ya ripoti ni ile ambayo kazi yake ni kuchota takwimu kutoka katika hifadhidata, yaani ghala la taarifa lililopangwa kwa majedwali, kuzijumlisha, kuzipanga katika kurasa zenye vichwa, safu na jumla kuu, kisha kuzitoa zikiwa tayari kusomwa au kuchapishwa. Ofisi hiyo hiyo inapofika mahali pa kujenga programu mpya ya wavuti, yaani ile inayofunguliwa kwa kivinjari cha simu au cha kompyuta bila kusakinishwa chochote, hutaka ripoti zile zile za zamani zionekane ndani ya programu hiyo, na aghalabu hudhani kwamba kazi hiyo ni ndogo, kwa kuwa ripoti zipo na programu ipo, kilichobaki ni kuziunganisha.

Dhana hiyo ina ukweli upande mmoja tu. Kusafirisha ripoti kutoka seva ya zamani hadi programu mpya si kazi ngumu, kwani njia za kufanya hivyo zimekuwapo kwa zaidi ya miaka 20. Kigumu ni kusafirisha jibu la swali ambalo seva ya zamani haikuacha kuliuliza tangu siku ilipowashwa, yaani anayeomba ripoti hii ni nani. Programu mpya humtambua mtumiaji kwa namna moja, seva ya zamani humtambua kwa namna nyingine, na karibu kila njia ya mkato inayopendekezwa hufanikiwa kwa kumfuta mtumiaji njiani, hata seva ikabaki inajibu ombi lisilo na mwenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa SQL Server Reporting Services, ambayo wenyewe huiita kwa kifupi SSRS, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwezi Januari 2004 kama nyongeza ya hifadhidata ya SQL Server 2000, katika soko ambalo hadi wakati huo programu ya Crystal Reports ndiyo iliyokuwa imezoeleka. Ilienea kwa haraka kwa sababu isiyo ya kiufundi hata kidogo: aliyekuwa na leseni ya hifadhidata hakudaiwa leseni ya pili kwa ajili ya ripoti. Kila ripoti huhifadhiwa kama faili la maandishi lililoandikwa kwa lugha iitwayo RDL, ambayo ni tawi la XML, yaani mwandiko wa data unaotumia vitambulisho, na ndani ya faili hilo mna mambo manne yaliyofungwa pamoja, yaani anwani ya hifadhidata inayochotwa, maagizo ya kuchota, vigezo ambavyo msomaji huombwa kuvijaza kama vile mwaka au tawi, na mpangilio wa ukurasa. Mafaili hayo hayakai katika folda za kawaida za kompyuta bali katika hifadhidata ya seva yenyewe, pamoja na orodha ya nani anaruhusiwa kufungua nini.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ripoti hizo zisiandikwe upya ndani ya programu mpya, zikaachana kabisa na seva ya zamani. Wasanidi vijana hupenda jibu hilo, na mara chache huwa ni sahihi. Katika ripoti iliyotumika kwa miaka 15 mna kanuni za ofisi ambazo hazikuandikwa popote pengine: mkopo unahesabiwa kuwa umechelewa baada ya siku ngapi, malipo yaliyorudishwa na benki yanatolewa kwenye mwezi upi, ni mteja wa aina gani asiyeingizwa katika jumla. Aliyeziandika pengine amestaafu, na ripoti ndiyo iliyobaki kuwa shahidi. Kuziandika upya zote kwa pamoja ni kuzifumbua kanuni hizo zote kwa pamoja, wakati ambapo programu mpya yenyewe bado haijatulia, na mkaguzi wa hesabu hatakubali kuambiwa kwamba jumla ya mwezi huu imetofautiana na ya mwezi uliopita kwa sababu ya teknolojia.

Hata hivyo si kila ripoti inastahili kuvushwa. SSRS huweka kumbukumbu ya kila ripoti iliyofunguliwa, aliyeifungua, saa aliyoifungua na muda uliotumika, na kumbukumbu hizo husomeka kupitia mwoneko uitwao ExecutionLog3, mwoneko ukiwa ni jedwali lisilohifadhi data yake lenyewe bali linaloonyesha data ya majedwali mengine kwa mpangilio maalumu. Atakayezisoma kabla ya kuanza kazi atakuta kwamba ripoti nyingi zilizomo kwenye folda ni nakala za nakala, zilizotengenezwa kwa ajili ya kikao kimoja na kuachwa hapo. Lakini kuna mtego katika kumbukumbu hizo, kwa kuwa seva ikiachwa na mpangilio iliyokuja nao huzitunza kwa siku 60 tu kisha huzifuta, na katika nchi kama Tanzania, Kenya na Uganda, ambako mwaka wa fedha wa serikali huishia tarehe 30 Juni, ripoti muhimu kuliko zote inaweza kuwa ile inayofunguliwa mara moja kwa mwaka. Anayehesabu matumizi mwezi Februari na kuzizika ripoti zisizoonekana humo atakumbukwa mwezi Julai.

Baada ya kujua kinachovushwa, hutafutwa mlango wa kupitia. Wa kwanza, na ulio rahisi, ni anwani ya wavuti yenyewe, ambapo ombi zima huandikwa katika mstari mmoja: jina la seva, njia ya ripoti, aina ya faili linalotakiwa na thamani za vigezo. Mstari kama /ReportServer?/Mikopo/Madeni&rs:Format=PDF&Tawi=Moshi unatosha kuiambia seva ichukue ripoti ya madeni iliyomo katika folda ya mikopo, iijaze kwa tawi la Moshi na kuirudisha ikiwa faili la PDF. Mlango wa pili ni huduma za SOAP, ambao ni utaratibu wa programu kutumiana ujumbe wa XML uliofungwa kama ndani ya bahasha, ulioasisiwa mwaka 1998 na kupata toleo lake la 1.2 kutoka kwa shirika la W3C mwezi Juni 2003. SSRS ina huduma moja ya namna hiyo kwa ajili ya kusimamia folda na ruhusa, na nyingine iitwayo ReportExecution2005 kwa ajili ya kuendesha ripoti, ambayo hutaka mambo yafanywe kwa zamu: ripoti ipakiwe kwanza, vigezo vifuate, kisha ndipo iombwe itolewe, na katika kila hatua programu irudishe namba ya kikao iliyopewa mwanzoni. Msanidi asiyeirudisha namba hiyo huambiwa na seva kwamba kitambulisho cha kikao kinakosekana, akabaki akiitazama hatua ya kwanza iliyofaulu na kushangaa.

Toleo la SSRS la mwaka 2017 lilileta mlango wa tatu, unaofuata mtindo wa REST ambao mtaalamu wa kompyuta Roy Fielding aliueleza katika tasnifu yake ya mwaka 2000, na unaotumia JSON, mwandiko mwepesi wa data unaopendwa na programu za leo. Wengi waliupokea mlango huo wakidhani kwamba SOAP imepata mrithi. Wakagundua kuwa unafaa kwa kuorodhesha, kupakia na kupanga ripoti, ilhali kazi yenyewe ya kuitoa ripoti ikiwa ukurasa au faili imebaki kwa milango miwili ya zamani.

Kwa miaka mingi walio wengi hawakuhitaji kuijua milango hii, kwa sababu Microsoft ilitoa kipande kilichoitwa ReportViewer, ambacho msanidi alikiweka katika ukurasa wake na kukionyesha anwani ya seva, basi ripoti ikaonekana na vitufe vyake vyote. Kipande hicho kilijengwa juu ya teknolojia ya Web Forms, na .NET Core, jukwaa la Microsoft la kujengea programu, ilipotoka mwezi Juni 2016, ikiwa imeandikwa upya ili iweze kukaa hata kwenye Linux, Web Forms iliachwa nyuma na ReportViewer haikuvushwa. Kwa hiyo ofisi inayojenga programu yake juu ya ASP.NET Core, ambayo ni sehemu ya wavuti ya jukwaa hilo, au juu ya lugha nyingine yoyote, hujikuta imerudi kwenye milango yenyewe, bila bawabu iliyemzoea.

Hapo ndipo hujitokeza njia ya mkato ya kwanza, ambayo ni kuupachika ukurasa wa seva ya zamani ndani ya ukurasa wa programu mpya kwa kutumia fremu, yaani dirisha dogo ndani ya dirisha. Mezani pa msanidi, ambaye kompyuta yake imo ndani ya mtandao wa ofisi na ameshaingia kwa jina lake, fremu hiyo hufanya kazi vizuri sana, na hilo ndilo linaloifanya iwe ya hatari. Nje ya meza hiyo, mtumiaji aliye nyumbani hawezi kuifikia seva iliyofichwa ndani ya mtandao wa ofisi. Kivinjari hukataa kuonyesha ukurasa usiosimbwa ndani ya ukurasa uliosimbwa kwa siri. Na tangu Chrome ilipoanza, mwezi Februari 2020, kuvizuia vidakuzi visivyotangaza waziwazi kwamba vinaruhusiwa kusafiri kati ya tovuti na tovuti, hata mtumiaji aliyekwisha kutambuliwa anaweza kuombwa ajitambulishe tena na tena. Vidakuzi ni vipande vidogo vya taarifa ambavyo tovuti huviacha katika kivinjari ili imkumbuke mgeni wake. Aliyefika hadi hapa huona kisanduku cha kijivu kikimtaka aandike jina na nywila za Windows, ambazo mteja wa nje hajawahi kuwa nazo.

Kisanduku hicho ni dalili tu ya jambo lenyewe. SSRS, kama ilivyokuja kutoka kiwandani, haimjui mtu yeyote isipokuwa yule aliyesajiliwa katika kikoa cha Windows cha ofisi, yaani daftari moja linaloandikisha watumiaji na kompyuta zote za taasisi. Utambulisho huo huthibitishwa kwa utaratibu wa zamani uitwao NTLM au kwa Kerberos, mfumo uliobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani katika miaka ya 1980 na kufanywa na Microsoft kuwa utaratibu wake mkuu kuanzia Windows 2000. Katika Kerberos, mtumiaji huthibitishwa mara moja asubuhi, akapewa tiketi, na tangu hapo kila huduma anayoiendea huonyeshwa tiketi badala ya nywila. Ni mfumo wa watu wa nyumba moja, wenye lango moja na mlinzi mmoja.

Programu mpya za wavuti zimekulia katika dunia nyingine. Kufuatia kanuni za OAuth 2.0 za Oktoba 2012 na za OpenID Connect za Februari 2014, mtumiaji huthibitishwa na seva maalumu ya utambulisho, ambayo inaweza kuwa ya ofisi au ya kampuni nyingine kabisa, kisha programu hupewa tokeni, yaani ujumbe mfupi uliotiwa sahihi ya kidijitali unaoeleza mhusika ni nani na tokeni hiyo itaisha muda wake lini. Mwenye tokeni anaweza kuwa mfanyakazi, wakala wa kijijini au mteja aliyejisajili kwa namba ya simu. Seva ya ripoti ya mwaka 2008 ikipewa tokeni hiyo haitakuwa na la kuifanya.

Hata pale ambapo watumiaji wote ni wafanyakazi wenye akaunti katika kikoa, tatizo halijaisha, kwa kuwa sasa kati ya mtumiaji na seva ya ripoti amesimama mtu wa tatu, yaani programu ya wavuti. Tiketi aliyoipokea programu hiyo inafanana na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa iliyoandikiwa ofisi moja kwa jina: inamfungulia mwenyewe mlango wa ofisi hiyo, lakini ofisi iliyoipokea haiwezi kuichukua na kwenda nayo ofisi nyingine ikidai kwamba inazungumza kwa niaba yake. Kwa NTLM safari hiyo ya pili haiwezekani kabisa. Kwa Kerberos inawezekana, mradi wasimamizi wa mtandao wasajili jina la kila huduma katika daftari la kikoa na kuikasimu programu ya wavuti madaraka ya kuwawakilisha watumiaji mbele ya seva ya ripoti, na tangu Windows Server 2003 ukasimishaji huo unaweza kuwekewa mipaka ili programu iwawakilishe mbele ya huduma zilizotajwa tu. Ni njia nzuri, na pale inapowezekana inastahili jasho lake. Lakini jina moja lililosajiliwa mara mbili linatosha kuuvunja mnyororo mzima, na ujumbe wa kosa unaotokea hausemi kamwe kwamba sababu ni jina.

Kwa kuchoshwa na hayo, ofisi nyingi huchukua njia ya mkato ya pili, ambayo ni akaunti ya huduma: akaunti moja ya Windows, isiyo ya mtu yeyote, hupewa ruhusa ya kufungua ripoti zote, nywila yake huwekwa ndani ya programu mpya, na kila ombi, liwe la nani, hufika kwenye seva likiwa na jina la akaunti hiyo. Jioni hiyo hiyo ripoti huonekana. Gharama yake huja baadaye, na huja kutoka pande ambazo hazikutazamiwa.

Ichukuliwe ofisi ya chama cha akiba na mikopo chenye matawi kadhaa. Aliyeiandika ripoti ya madeni miaka mingi iliyopita alitumia taarifa iliyomo ndani ya SSRS iitwayo User!UserID, ambayo ni jina la aliyefungua ripoti, akaiagiza ripoti itafute tawi la mtu huyo na kuonyesha wakopaji wa tawi hilo tu. Maombi yote yanapokuja kwa jina la akaunti ya huduma, ripoti hiyo ama haitapata tawi lolote na kutoka tupu, ama, ikiwa aliyeiandika aliamua kwamba asiye na tawi ni mtu wa makao makuu, itamwonyesha meneja wa Moshi wakopaji wa chama kizima pamoja na namba zao za simu na mishahara yao. Kosa la kwanza huripotiwa mara moja. La pili halina wa kuliripoti, kwa maana anayepewa zaidi ya haki yake mara nyingi hudhani ndiyo haki yake. Nchini Tanzania jambo hilo linagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na nchini Kenya linagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hakuna hata moja kati ya sheria hizo inayomsamehe mwenye taarifa kwa sababu seva yake ilikuwa ya zamani.

Kumbukumbu za matumizi nazo hupofuka. ExecutionLog3, iliyokuwa ikisema nani alifungua nini, sasa huandika jina moja mstari baada ya mstari, na siku mkaguzi atakapouliza ni nani aliyetoa orodha ya wadaiwa iliyovuja, seva itajibu kwa uaminifu kwamba ni akaunti ya huduma. Lipo na jambo jingine, la kimya zaidi: SSRS ina kikomo cha maombi ambayo mtumiaji mmoja anaweza kuyaendesha kwa wakati mmoja, na kikomo hicho, kisipobadilishwa, ni 20. Kilikusudiwa kumzuia mtu mmoja asiielemee seva. Watu 300 wakivaa jina moja, seva huwaona kuwa mtu mmoja mwenye pupa, na tarehe ya mwisho wa mwezi maombi yao huanza kukataliwa bila mashine yenyewe kuwa imechoka.

Iko njia ya tatu, iliyowekwa na Microsoft yenyewe, ya kuandika kiendelezi cha usalama ambacho huchukua mahali pa utambulisho wa Windows na kuifundisha seva kuwatambua watumiaji kwa namna ambayo ofisi itachagua. Kinadharia ndiyo iliyo nyoofu kuliko zote. Kiutendaji, kiendelezi hicho huchukua seva nzima, hivi kwamba utambulisho wa Windows hauwezi kuendelea kutumika kando yake katika seva hiyo hiyo, na ruhusa zilizopangwa kwa majina ya Windows hulazimika kupangwa upya. Hivyo seva ambayo idara tano bado zinaitegemea kwa njia ya kale si mahali pa kujaribia.

Suluhisho linalostahimili, kwa kuyapima yote hayo, ni kuikubali akaunti ya huduma huku ikijengewa tabaka la kati linalorudisha kila kilichopotea. Tabaka hilo ni sehemu ya programu mpya iliyo upande wa seva, mbali na kivinjari, na ndilo pekee linaloruhusiwa na ukuta wa mtandao kuzungumza na seva ya ripoti kwa jina la akaunti hiyo. Mtumiaji huomba ripoti kwa jina lake la kawaida, kama vile madeni ya tawi. Tabaka husoma tokeni yake, huamua lenyewe kama anaruhusiwa, humtafutia tawi lake, hulijaza tawi hilo katika ombi, huandika katika daftari lake nani ameomba nini na lini, kisha huipokea ripoti na kumkabidhi. Mtumiaji haioni anwani ya seva ya zamani wala haandiki kigezo kinachomhusu. Hili la mwisho si la kupuuzwa, kwani ule mstari wa anwani ulioonyeshwa hapo juu, ukimfikia mtumiaji kama ulivyo, unamwalika afute Moshi na kuandika Arusha. Na wanaojifariji kwamba kigezo kimefichwa kisionekane kwenye ukurasa wajue kwamba SSRS hukikubali kigezo kilichofichwa kikiletwa kwa anwani, na kwamba kisichokubaliwa ni kile kilichowekwa kuwa cha ndani.

Ripoti zilizokuwa zikitegemea User!UserID hulazimika kubadilishwa kidogo ili zipokee tawi kama kigezo. Kwa kuwa ripoti inayoamini kigezo inamwamini yeyote anayeifikia, nakala hizo zilizobadilishwa ziwekwe katika folda ambayo akaunti ya huduma peke yake ndiyo inayoiona, huku wafanyakazi wa zamani wakiendelea na nakala zao kwa tiketi zao. Kuwa na nakala mbili za ripoti moja ni kero, na hakuna haja ya kuificha kero hiyo. Ni nafuu kuliko kumwachia kila mtu kigezo cha kujichagulia tawi.

Tabaka hilo hilo ndipo mahali pa kuzipatanisha saa. Seva ya ripoti, ikiachwa ilivyokuja, huivumilia ripoti moja iendelee kwa sekunde 1,800, yaani nusu saa, ilhali nginx, programu inayowekwa mara nyingi mbele ya programu za wavuti kupokea maombi, hukata tamaa ya kungoja baada ya sekunde 60. Ripoti ya dakika nne basi humpa mtumiaji ukurasa wa kosa, naye hubonyeza tena, na tena, wakati seva ya nyuma inaendelea kuzitayarisha zote tatu bila kuwa na wa kumpa. Dawa yake si kuurefusha muda wa kungoja kila mahali, bali kuliweka ombi katika foleni, kumwambia mtumiaji kwamba limepokelewa, na kumpa taarifa faili linapokuwa tayari.

Kuhusu umbo la ripoti, PDF na mafaili ya jedwali huvuka bila matata, lakini ukurasa wa HTML uliotolewa na seva ya zamani hubeba ndani yake anwani za picha na vitufe zinazoelekeza kwenye seva hiyo hiyo, ambayo kivinjari hakiifikii, na kuziandika upya zote ni kazi isiyolipa. Tarehe nazo zina mambo yake. Ombi likiwa na 03/04/2025, seva iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani huisoma kuwa Machi 4, wakati mhasibu wa Nairobi alikusudia Aprili 3, na ripoti hutoka ikiwa safi kabisa, ya siku isiyoombwa. Ndiyo maana tarehe hupelekwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku. Aidha, programu mpya inayoendeshwa katika kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu pamoja na mahitaji yake, mara nyingi hufuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku kile ambacho programu inakiita leo bado ni jana kwa mwenye duka la Mombasa aliyekwisha kufunga hesabu.

Kabla ya kuwahamisha watumiaji, busara ni kuitoa ripoti ile ile kwa njia zote mbili, ya zamani kwa jina la mtu halisi na mpya kupitia tabaka la kati kwa jina la mtu huyo huyo, kwa umbo la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, na kuyalinganisha mafaili hayo mstari kwa mstari. Ulinganishaji huo urudiwe kwa meneja wa tawi, kwa mtu wa makao makuu na kwa asiyestahili kuona kitu, kwa sababu ripoti iliyo sahihi kwa mmoja wao haithibitishi lolote kuhusu wengine.

Kazi hiyo ina faida hata kwa seva ambayo siku zake zinahesabika. Microsoft ilitangaza mwaka 2025 kwamba SQL Server 2025 haitakuja na SSRS mpya, kwamba toleo la 2022 litaendelea kupata matunzo ya usalama hadi Januari 2033, na kwamba nafasi yake ndani ya majengo ya wateja itachukuliwa na Power BI Report Server, iliyoanza mwaka 2017 na inayosoma mafaili yale yale ya RDL. Ofisi yenye tabaka la kati itabadilisha anwani moja. Hata hivyo kuhama kwenyewe kunahitaji ufunguo ambao SSRS huutumia kusimba nywila za hifadhidata zilizomo ndani yake, na nakala ya ufunguo huo nayo hufungwa kwa nywila iliyochaguliwa na aliyeitengeneza; bila nakala hiyo na nywila yake, nywila ya kila chanzo cha data itabidi iingizwe upya kwa mkono, kwa hiyo mtu huyo atafutwe wakati bado namba yake ya simu inapatikana.